Mate Tuliyopewa Ngaremara

Wenzangu mliobaki kazini hamjaniacha nipumue tangu siku ile ya keki na hotuba. Mnasema nimezunguka Isiolo yote na sanduku la barafu begani, kwa hiyo niwaachie maandishi. Haya, nimekaa. Mambo ya vyeo sitayagusa kwa sababu sikupanda vingi, na mshahara wetu mnaujua. Nitaandika juu ya kazi yenyewe, ile ya kukaa mbele ya mtu, kumweleza kwa nini mgeni anataka kitu kutoka mwilini mwake, kisha kunyamaza mpaka aseme ndiyo au hapana. Wengi wenu mnadhani kazi hiyo huanza mkifungua fomu. Mtanisamehe, lakini hapo huwa mmeshachelewa.

Niliajiriwa kwa sababu ya mdomo wangu. Baba alishuka kutoka Meru kuuza miraa, tukapanga Bulla Pesa katika ploti yenye Waturkana upande mmoja na Waborana upande wa pili. Kiturkana na Kiborana nilivipata kwenye foleni ya mfereji, matusi kwanza, adabu baadaye. Mradi wa kwanza ulipotafuta mkalimani, nilikuwa msichana mwenye cheti cha sekondari na viatu vya visigino virefu. Nilivivaa siku ya kwanza kwenda Sericho. Gari lilikwama mchangani mara kadhaa njiani, na kila likikwama tulishuka kusukuma. Mama Halima, muuguzi wa Kiborana aliyekuwa kiongozi wetu, aliniangalia nikisukuma pekupeku, akaniambia, "Salaam aleikum, mwalimu. Visigino utapatia wapi barabara?" Akanipa malapa yake ya akiba, na nilikaa nayo mpaka yakatoboka.

Kila ninachokijua kuhusu kazi hii alinifundisha yeye. Kaa chini kuliko mtu unayemwomba. Chai ukipewa, kunywa, hata kama ina moshi. Usimsomee fomu mtu aliyesimama, maana aliyesimama anataka kwenda. Na ukishamweleza, mwambie, "Sasa nieleze mimi," halafu umsikilize akikueleza kana kwamba wewe ndiye mgeni. Asipoweza, hajakubali, hata kama kidole chake tayari kina wino.

Mwaka huo Sericho ilikuwa kavu kabisa. Tulimkuta mama mmoja kwenye foleni ya kisima, nikaanza kumuuliza maswali ya lishe huku Mama Halima amemshikia nafasi. Foleni ikasogea, sisi tukasogea, na mwishowe Mama Halima ndiye aliyejaza mitungi ya yule mama huku mimi nikimalizia maswali. Tukiwa njiani kurudi akaniambia, "Yule leo hakukubali utafiti. Amekubali mitungi ijazwe. Hiyo uweke kichwani, usiandike." Nilicheka. Nilikuja kuielewa nikiwa na mvi.

Miaka mingi ilikuwa ya damu. Malaria, upungufu wa damu, homa zisizo na jina. Damu ilikuwa na kesi kila mahali tulipofika: watu waliuliza inaenda wapi, inauzwa kwa nani, mbona inachukuliwa kwa mgonjwa na kwa mzima. Wengi walikataa, nami sikuwabembeleza, kwa kuwa mtu wa huku akisema hapana amemaliza. Mmoja wa waliokataa kila mara alikuwa Mzee Lokwang' wa Ngaremara. Alikuwa na ng'ombe wachache, wake wawili, na heshima kubwa kando ya ile barabara ya kwenda Marsabit. Alikuwa akinikaribisha, ananipa chai, ananisikiliza mpaka mwisho, kisha anasema, "Mama Kendi, umeongea vizuri. Damu hapana." Tukawa marafiki kwa njia hiyo hiyo ya kukataliwa.

Ndipo ukaja mradi wa mate.

Mkuu wake alikuwa Daktari Mutua, mtu wa Nairobi, mwenye kofia pana na adabu nyingi. Nawaambia mapema kwamba alikuwa mtu mwema, msije mkakaa mnamngojea abadilike. Alitueleza kwamba wanataka kujua kama hasira, ujasiri na subira mtu huzaliwa nazo, na kama ni hivyo, ni kwa kiasi gani. Tungekusanya mate kwenye vijichupa, kwa sababu ndani ya mate mna vinasaba vile vile vilivyo kwenye damu, kisha tuulize maswali. Ukikasirika unafanya nini? Umewahi kupigana? Umewahi kwenda kufuata mifugo iliyoibwa?

Nikamuuliza, "Na mkishajua, Daktari?"

"Tutawaelewa watu vizuri zaidi."

"Mbona mnaanza na sisi?"

Akacheka kidogo, akasema watu wa mijini nao watafuata. Sijasikia mpaka leo kwamba kuna aliyewafuata.

Tulipofika Ngaremara tuliweka viti vya plastiki karibu na wauza makaa, malori yakipita na kututimulia vumbi. Nilitarajia chai na hapana, kama kawaida. Mzee Lokwang' alichukua kile kijichupa, akakigeuza kwenye mwanga, akauliza, "Mnataka mate? Mate tu?"

"Mate tu, Mzee."

"Sasa mbona hamkusema tangu zamani?"

Wale mnaotoka mbali huenda hamjui, kwa hiyo niseme. Huku kwetu mzee hubariki kwa mate. Mtoto akienda shule, msichana akiolewa, kijana akisafiri, mzee husema maneno yake kwa Mungu na kumrushia mate kidogo, kichwani au viganjani. Hata nyanya yangu Mmeru alifanya hivyo. Kumwomba mzee mate ni kumwomba baraka, na mzee anayenyima baraka mtu asiye na ugomvi naye anajiaibisha.

Kwa hiyo alisimama. Waliokuwa wakiongea wakanyamaza. Akaita Akuj, Mungu wake na wetu, akamtajia Daktari na watoto wa Daktari, gari letu na magurudumu yake, mvua na barabara, kisha akatema. Shida ni kwamba maelekezo ya maabara yalitaka mtu asiwe ametumia tumbaku, na mdomo wake ulikuwa umejaa. Ikabidi nimwombe asukutue na asubiri. Alinung'unika kwamba baraka isiyo na tumbaku ni majimaji, lakini akasubiri. Shida ya pili ni kwamba kijichupa kilikuwa na mstari wa kujazia, na mate ya baraka ni ya kurushwa, hayajazi kitu. Akabariki tena, na tena, mpaka tukafika kwenye mstari. Daktari Mutua alibarikiwa siku ile kuliko askofu.

Kabla ya hayo yote nilikuwa nimemweleza kila kitu, na nikamwambia, "Sasa nieleze mimi." Alinieleza bila kukosea. Wataangalia mate yangu watafute hasira inatoka wapi. Wataweka mbali, kwa baridi. Jina langu hawatasema. Kisha akaongeza lake.

"Na wakikaa na hiyo mate huko, ni watu wetu. Mtu hawezi kula baraka yako halafu akuseme vibaya."

"Mzee, hilo haliko kwenye karatasi."

"Haiwezi kukuwa kwa karatasi," akasema, akinionea huruma. "Hiyo iko kwa mate."

Waliotukatalia damu walipanga foleni siku ile, wazee kwa vijana. Tukirudi mjini nilimwambia Daktari, "Hawa hawatupi sampuli. Wanatubariki. Kwao ni kama tumekula kiapo."

Alifikiri, kisha akasema, "Si ni jambo zuri? Tutaliheshimu." Naamini alimaanisha. Katika ripoti ikaandikwa kwamba ushiriki wa jamii ulikuwa wa kuridhisha sana.

Mama Halima alikuwa ameshastaafu wakati huo. Nilipomweleza, hakufurahi hata kidogo. "Damu walijua kukunyima," akasema. "Mate hawajui kunyima. Hiyo si ruhusa, Mama Kendi. Mmepitia kwa tabia yao njema." Nilinywa kahawa yake, nikamuaga, nikarudi kazini kesho yake, kwa sababu kazi ilikuwepo.

Ilipita miaka kabla ya majibu kuja. Tulikusanyika katika ukumbi wa hoteli mjini, kukawa na kuku na soda, na Daktari Mutua akaeleza taratibu. Hakuna kitu kimoja kinachoitwa kinasaba cha hasira, alisema. Kuna vitu vidogo vingi sana, kila kimoja kinasukuma kidogo tu, na vyote pamoja havielezi mambo mengi. Njaa, ukame, malezi, bunduki na kisasi vina uzito kuliko mate ya mtu yeyote. Nilitafsiri kila neno na sikuona pa kumlaumu.

Kesho yake redio ikasema wanasayansi wamegundua chanzo cha vita vya mifugo, na kwamba kiko kwenye damu ya wafugaji. Mtangazaji alitaja na Ngaremara. Daktari alipiga simu kituoni kusahihisha, nao wakasahihisha kweli, mara tu baada ya matangazo ya vifo. Kufikia hapo Bulla Pesa ilikuwa imeshapata mzaha mpya. Vijana wa bodaboda wakimwona mlinzi Mturkana wanaambiana, "Buda, huyo usimkanyage. Amezaliwa na vita, iko kwa mate." Nilimkemea mmoja, akaniambia, "Mama, si ni nyinyi mlipima?"

Alisema kweli. Tulipima sisi.

Sasa nifike kwa Ekiru, mwana wa Mzee Lokwang'. Ukame ulikuwa umerudi. Watu waligombana kisimani kuhusu zamu ya kunywesha, Ekiru akampiga mtu kwa fimbo, na yule mtu akapoteza jicho. Ekiru hakukana wala hakukimbia. Alikaa rumande, na familia ikapata wakili kijana aliyekuwa amesikiliza redio.

Dada yake, Akai, alikuja nyumbani kwangu. Nilimjua tangu akiwa mgongoni mwa mama yake. Hakukaa.

"Mama Kendi, nataka karatasi ya mate ya baba."

"Hakuna karatasi, mwanangu. Majibu ya mtu mmoja mmoja hayatolewi."

"Wakili anasema kama iko kwa damu, basi si makosa ya Ekiru yote. Anaweza punguziwa."

Nikamweleza. Kwamba hata nikipewa mate ya baba yake mkononi, hakuna mtu duniani anayeweza kuyasoma akasema kwa nini Ekiru aliinua fimbo siku ile. Kwamba utafiti ni wa watu wengi kwa pamoja, haumjui mmoja. Akai alisikiliza mpaka mwisho. Alirithi hilo kwa baba yake.

"Kwa hivyo ile ya kutusema kwa redio iko," akasema, "lakini ya kutusaidia haiko?"

Akaondoka. Chai niliyomwekea ilipoa pale mezani.

Haukupita muda mrefu, Mzee Lokwang' mwenyewe akaja mjini. Aliketi kwenye kigoda chake mlangoni kwangu, akakataa kuingia ndani.

"Nimekuja kuchukua mate yangu."

Nikadhani anatania. Hakuwa anatania.

"Akai anataka Ekiru atoke," akasema. "Hata mimi nataka. Ni kijana yangu. Lakini akitolewa kwa sababu ya mate, watoto wake wataingia wapi? Nani ataoa msichana yangu? Nani ataandika kijana yangu askari? Watasema, hawa ni wale. Ekiru alipiga mtu kwa sababu ng'ombe ilikuwa inakufa, jua ilikuwa kali, na siku hiyo alikuwa mjinga. Mimi ndiye nilimlea. Kama kuna makosa ni ya yeye na ya mimi. Mate haikushika fimbo. Ile nilipatia nyinyi ilikuwa ya amani. Rudisha, nitamwaga kwa boma yangu."

Nimehudhuria semina nyingi za maadili ya utafiti, na cheti kimoja nimekitundika ukutani. Sijasikia mhadhiri aliyelisema jambo hili vizuri kuliko lilivyosemwa mlangoni kwangu, na halikunifurahisha kulisikia, kwa kuwa nilijua nitakalojibiwa.

Nilimpigia Daktari Mutua. Akaeleza kwamba mtu ana haki ya kujitoa wakati wowote, na sampuli yake huharibiwa. Lakini kurudishwa haiwezekani. Iko ng'ambo kwenye friza, na sheria za mipakani haziruhusu.

"Mwambie Mzee naomba radhi," akasema.

"Daktari, hiyo uje umwambie mwenyewe."

Alisema atakuja, na kwamba ataagiza sampuli iharibiwe. Nadhani bado anapanga safari.

Siku ya kesi niliketi kati ya Mzee na Akai, nikimnong'onezea Mzee kwa Kiturkana. Nilikuwa nimemsihi wakili asiliguse jambo la vinasaba. Aliligusa. Alisimama akasema sayansi imeonyesha watu wa nyumba kama hii huzaliwa na hasira, na mahakama imhurumie mtu aliyezaliwa na mzigo ambao hakuuchagua. Hakuwa na ushahidi wowote zaidi ya redio. Hakimu akavua miwani.

"Wakili," akasema, "kama alizaliwa hivyo na hawezi kujizuia, nikimwachilia leo, jirani yake atalindwa na nani kesho?"

Mzee akanigusa mkono. Alitaka kujua kimesemwa nini. Nimetafsiri habari za vifo, za ukimwi, za watoto wasioweza kupona, na sijawahi kupata sentensi nzito kama ile. Nikaitafsiri.

"Anasema Ekiru ni mnyama?"

"Hapana, Mzee. Ameuliza tu."

"Anauliza nani?"

Hakimu alisema hatategemea sayansi ambayo haijaletwa mbele yake. Lakini neno lilikuwa limeshasemwa, na kifungo kilipotoka kilikuwa kirefu kuliko hata upande wa mashtaka ulivyotarajia. Labda ni kwa sababu ya lile jicho. Labda ni kwa sababu ya neno lile. Akai alilia kwa sauti. Ekiru alimwangalia baba yake, na Mzee akainua mkono wake kama anayetaka kumrushia mate ya safari, lakini askari walikuwa wameshamgeuza.

Najuta. Nataka mlisome hilo kama nilivyoliandika. Sikumdanganya mtu, sikuruka ukurasa, na Daktari nilimwambia niliyoyaona. Ninachojutia ni kwamba niliifanya kazi ile vizuri. Kama ningekuwa mkalimani mbovu, Mzee angenipa chai na kusema hapana, na mate yake yangekuwa yamekauka siku nyingi kwenye vichwa vya wajukuu wake.

Nasikia kuna mradi mwingine unakuja, wa mate pia, safari hii kuhusu ulevi. Ndiyo maana nimekubali kuandika. Mkienda, msifurahi foleni ikiwa ndefu. Ulizeni kwanza kama hicho mnachoomba ni kitu ambacho watu wale wanajua kukikataa. Kama hawajui, fungeni viti mrudi mjini, na mkiulizwa semeni ni mimi niliyewatuma.

Ujumbe kutoka ng'ambo ulifika wiki zangu za mwisho kazini. Sampuli ya Mzee Lokwang' imeharibiwa kwa kufuata utaratibu. Nilikwenda Ngaremara mwenyewe na sukari, majani ya chai na tumbaku. Mzee alikuwa amepungua mwili. Nikakaa chini kuliko yeye, nikanywa chai yake, kisha nikamwambia.

"Wameharibu namna gani?"

"Wamechoma, Mzee."

"Wamechoma." Alilitafuna neno hilo. "Na maneno yangu ya ndani?"

Nikamwambia sijui. Akatikisa kichwa polepole, bila hasira. Ile hasira waliyokuwa wakiitafuta sikuiona hata wakati huo.

Nikamweleza kwamba nimestaafu, na kwamba nimekuja kuaga. Nikainamisha kichwa na kunyoosha viganja vyote viwili, kama ambavyo nimefanya mbele ya wazee tangu nikiwa na malapa ya Mama Halima. Hakuna mzee aliyewahi kuniacha niondoke mkavu. Mzee Lokwang' alishika viganja vyangu, akavitazama. Niliona mdomo wake ukijikusanya. Kisha akavikunja vidole vyangu kwa mikono yake, akanirudishia ngumi zangu.

"Mama Kendi, si ubaya," akasema. "Yako nilishakupatia. Uliichukua, ukapeleka."

Nilimshukuru, nikatoka kungoja gari kando ya barabara, na ngumi zangu bado nimezikunja.